Mraba Mweusi Usielekee Kibla: shajara ya mradi wa mbao saba, Bagamoyo

Kazi ni mbao saba za hadibodi, kila moja sentimita 60 kwa 60, pamoja na ukuta mmoja wa uani wenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.2. Mbao ni za chumba cha chini, ukuta ni wa uani, katika nyumba moja ya mawe, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Maonyesho yanauliza hivi: uchoraji dhahania wa maumbo, ule wa mraba na mstari usioonyesha mtu wala mnazi, ulitanguliwa na nini, na umbo tupu hupata wapi maana? Hatunakili picha ya mchoraji yeyote. Tunachukua kanuni yake, tunaijaribu kwa vifaa vya madukani hapa, kisha tunaandika kilichoshika na kilichobanduka.

Wiki ya 1: mbao na ukuta

Tumeanza Juni makusudi. Masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, na rangi ya mafuta inakauka ndani ya saa 24 badala ya siku mbili na nusu.

Shiti moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244, inatoa vipande 8 vya 60 kwa 60 na kubakiza nafasi ya upana wa msumeno. Saba ni vya maonyesho, cha nane kimekatwa vipande 9 vya majaribio vya sentimita 20. Kwa msumeno wa mkono, upande laini uwe juu. Ukiugeuza chini, meno yanauchana ukingoni. Nyuma ya kila ubao tumegundisha fremu ya mbao za inchi 1 kwa 2 kwa gundi nyeupe, tukaweka tofali nne juu yake usiku kucha. Misumari haikutumika: upepo wa bahari huitia kutu, na kutu hupenya rangi nyeupe hata ukiipaka mara tano.

Hadibodi ya milimita 3 iliyopakwa upande mmoja tu hupinda kama sahani, kwa sababu upande uliopakwa haunyonyi unyevu na ule mwingine unanyonya na kuvimba. Dawa ni kupaka pande zote mbili siku ileile, na kingo zote nne kabla ya uso. Mpangilio: msasa namba 180 kwenye upande laini, andakoti nyeupe ya mafuta iliyolegezwa kidogo kwa tapentaini, saa 24, msasa namba 240, andakoti ya pili bila kulegezwa.

Bodi hii ina historia inayofaa kutajwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi za namna hii na rangi za mafuta za dukani. Miaka hiyohiyo, Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akipaka miraba yake juu ya Masonite, ambayo ni hadibodi ileile kwa jina la kiwandani. Yeye alichagua upande wa nyuma, ule wenye vinyweleo, kwa kuwa unashika rangi vizuri zaidi. Mmoja alijaza wanyama, mwingine hakuweka hata jani. Anayedhani kifaa ndicho kinachoamua sanaa aanzie hapo.

Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, lakini uliwahi kuzibwa kwa lipu ya saruji hadi kimo cha mita 1. Juu ya saruji hiyo rangi ya maji imetoka magamba na shura, yaani unga mweupe wa chumvi, imejaa. Matumbawe hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi. Chokaa huyaacha yapumue, saruji huyafungia. Maji hupanda hadi yapate upenyo, na chumvi hubaki pale yanapokaukia, ikavimba na kuisukuma rangi. Saruji yote imetolewa kwa patasi. Mawe yamepigwa brashi kavu, hayakuoshwa, maana maji yangerudisha chumvi ndani. Lipu mpya ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa mtoni uliochekechwa. Unene ni milimita 10 kwa mkono mmoja, na magunia yaliyoloweshwa yamefunika ukuta siku 7 ili usikauke upesi ukapasuka.

Wiki ya 2: mistari tisa na ukili

Ubao wa kwanza ni wa haraka. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kilipatikana kipande cha jiwe chenye urefu wa karibu sentimita 4, kimechorwa kwa kipande cha udongo mwekundu kilichochongwa ncha. Mistari sita inakaribiana kwenda sambamba, mitatu inaikata kwa mshazari. Umri wake ni takriban miaka 73,000, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2018. Jambo la maana kwa fundi ni kwamba mistari inakatika ghafla ukingoni mwa jiwe: mchoro ulikuwa mkubwa zaidi, jiwe ndilo lililovunjika. Kwa hiyo ubao wetu umeachwa mistari ikitoka nje ya kingo, haikuishia katikati kama chapa. Rangi ni oksaidi nyekundu ya chuma, ileile inayotiwa kwenye sakafu za saruji, iliyokorogwa kwa mafuta ya kitani. Usizidishe mafuta: yakizidi, nyekundu inang'aa na kuonekana rangi ya geti.

Ubao wa pili, ukili, umefanywa mara mbili.

Mara ya kwanza tulichora gridi iliyosimama wima, vyumba vya sentimita 1, tukajaza ngazi za zambarau na kijani. Ilitoka kama vigae vya bafuni. Kosa liko kwenye pembe. Katika ukili, nyuzi za ukindu haziendi sambamba na kingo. Zinatembea mshazari, zinafika ukingoni, zinakunjwa na kurudi upande wa pili. Gridi ya kweli ya ukili imelala mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45. Tukaigeuza, na papo hapo ngazi zikaanza kupanda kama zinavyopanda kwenye mkeka.

Kosa la pili lilikuwa dogo ila lilionekana mbali. Mkeka haufumwi wote kwa mpigo. Vipande vya ukili hushonwa ubavu kwa ubavu. Mshono haulinganishi nakshi kila mara, nusu ngazi huruka. Tumegawa ubao vipande 6 vya sentimita 10, na kila kipande kimesogezwa nusu ya nakshi kutoka kwa jirani yake. Bila ruko hilo ubao ni karatasi ya kufungia zawadi.

Kuna sentensi inayopendwa sana katika mazungumzo ya sanaa hapa pwani: "Bibi zetu walimtangulia Mondrian," yaani Piet Mondrian, mchoraji Mholanzi wa mistari na mistatili. Imependekezwa iwe kichwa cha maonyesho, tumeikataa. Ni tamu, lakini inamdunisha bibi huku ikijidai kumpandisha, kama vile ukili ulikuwa ukimngojea Mholanzi aupe thamani. Pia si kweli kiufundi. Ngazi ya ukili inatoka kwenye hesabu ya nyuzi: uzi unapita juu ya mbili, chini ya mbili, na rangi iliamuliwa nyuzi zilipochemshwa, kabla ya kusuka kuanza. Msukaji hawezi kuhamisha mstari sentimita mbili kushoto kwa kuwa macho yake yameona ni bora. Mondrian kazi yake ilikuwa kuuhamisha mstari huohuo kwa wiki kadhaa. Hizi ni akili mbili tofauti, na zote mbili ni akili.

Uhusiano wa kweli kati ya ufumaji na uchoraji huu upo, ila uko kwingine. Shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 na kufungwa 1933, ilikuwa na karakana ya ufumaji iliyoongozwa na Gunta Stölzl. Humo ndimo alimojifunza Anni Albers, mkewe Josef. Wao walitoka kwenye uzi kwenda kwenye wazo la umbo, wakijua wazi wanachofanya.

Wiki ya 3: nyota ya pembe nane

Hapa tumekaa siku tano.

Vipimo: ubao wa 60 umegawanywa vyumba 16 vya sentimita 15. Katikati ya kila chumba duara lenye nusu kipenyo 7.5. Kwenye duara alama nane, kila baada ya nyuzi 45, ya kwanza ikiwa juu kabisa. Unganisha alama kwa kuruka moja: miraba miwili, mmoja umesimama kwa kona, mwingine umekaa kwa ubavu. Ubavu wa kila mraba ni 7.5 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani sentimita 10.6. Miraba hiyo inakatana, na nyota inayobaki ina kingo 16, kila moja milimita 31. Hiki ndicho kipimo cha kukagua: ukipata ukingo mmoja 29 na jirani yake 33, alama zako za duara zimehama, usiendelee kupaka.

Nyota jirani zinagusana kwa ncha, na kati ya kila nne panajitokeza msalaba wenye ncha nne. Kwa ubao huu ni misalaba 9 kamili. Hakuna aliyeichora, imejitengeneza.

Kosa la kawaida ni kupiga hatua kwa bikari kutoka nyota moja kwenda nyingine. Ukikosea milimita 1 kila hatua, nyota ya nne imekosea milimita 3 na ncha hazigusani tena. Gawa upande mzima kwanza, ukipima kila alama kutoka kona ileile moja, ndipo uchore maduara.

Kosa la pili ni penseli. Risasi ya penseli hupenya rangi ya manjano na nyeupe hata baada ya mikono mitatu. Tumetumia ncha ya chuma ya bikari kukwaruza mistari ya ujenzi juu ya andakoti. Ukitazama ubavuni, mwanga wa dirisha unaionyesha. Ukitazama mbele, haipo. Mafundi wa zamani walifanya hivyohivyo. Gombo linalohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, lenye michoro 114 ya mafundi wa karne ya 15 au ya 16, lina mistari ya wino na chini yake mistari iliyokwaruzwa bila wino. Ile ya wino ni ya kutazamwa, ile ya kukwaruzwa ni siri ya ufundi.

Mtu wa kutajwa kwenye kibandiko hiki ni Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad aliyefariki mwaka 998. Aliandika kitabu cha jiometri kwa ajili ya mafundi, na humo anasimulia alivyokaa nao pamoja na wanahisabati. Swali moja: chukua miraba mitatu iliyo sawa, ikate, uifanye mraba mmoja. Mwanahisabati alijua uthibitisho lakini hakujua akate wapi. Fundi alikata vipande vikapendeza macho, ila vipimo havikutimia. Kila siku ya wiki hii tumewaona wote wawili mezani.

Kuhusu maana, tahadhari. Vitabu vingi vya watalii husema nakshi hizi zipo "kwa kuwa picha za viumbe zimekatazwa". Hiyo inaeleza kwa nini kitu kingine hakipo. Haielezi kwa nini hiki kipo, wala kwa nini fundi wa Isfahan alijisumbua mwaka 1453 kufunika lango la Darb-i Imam kwa nakshi iliyopangwa kwa ngazi mbili, kubwa na ndogo ndani yake. Mtu hajisumbui hivyo kwa ajili ya katazo tu.

Wiki ya 4: mlango

Ubao wa nne unachukua sehemu za mlango wa nakshi wa mji huu: miimo miwili, bao la juu, na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mwanya kati ya vipande viwili vinavyofunguka. Tumepunguza kila sehemu iwe mstatili mtupu, tukabakiza mnyororo mmoja unaozunguka fremu. Pete za mnyororo ni duara za sentimita 3, vituo vyake kila sentimita 2, ili ziingiliane. Ukipaka pete zote kwanza halafu ukatafuta ipi ipite juu, utapotea. Paka za namba witiri zote, acha zikauke, kisha za namba shufwa, ukiukatiza kila duara mahali pa kupita chini.

Bao la juu tumelinyoosha, kwa mtindo wa zamani. Lile la nusu duara lilienea pamoja na mafundi na ladha za Uhindini katika karne ya 19, na ni zuri, lakini lingeleta mkunjo kwenye ubao ambao kazi yake ni mistari iliyonyooka.

Waongozaji wa watalii hupenda kusema mnyororo huu ni alama ya mwenye nyumba aliyefanya biashara ya watumwa. Wengine husema ni ulinzi wa nyumba. Mnyororo huohuo umechongwa kwenye nyumba za watu wa kazi mbalimbali. Kibandiko kinazitaja kauli zote mbili na mahali mnyororo ulipo. Hakimwambii mtazamaji achague.

Wiki ya 5: mraba mweusi

Huu ndio ubao uliotusumbua kuliko yote, kwanza kwa rangi, kisha kwa maana.

Mchoraji Kazimir Malevich alionyesha mraba wake mweusi Petrograd, Urusi, Desemba 1915, katika maonyesho yaliyoitwa 0.10. Ni turubai ya sentimita 79.5 kwa 79.5. Leo imejaa nyufa, na ndani ya nyufa unaona rangi nyingine. Mwaka 2015 jumba la Tretyakov la Moscow lilitangaza kuwa picha za eksirei zimeonyesha picha mbili chini ya weusi ule. Aliipaka nyeusi juu ya tabaka ambazo hazijakauka sawasawa.

Tumelirudia kosa hilo kwa vipande vya majaribio, vyote vikiwa na rangi nyeupe ya mafuta iliyopakwa nene. Cha kwanza kilipakwa rangi nyeusi ya maji baada ya saa 12: siku ya nne kimepasuka kama tope la mbugani. Rangi ya maji imekakamaa huku mafuta ya chini bado yanacheza. Cha pili kilipakwa nyeusi ya mafuta baada ya saa 20: hakikupasuka, kilikunjamana kama ngozi ya maziwa, kwa sababu kiyeyushi cha mkono mpya kimelainisha ule wa chini uliokauka nusu. Cha tatu kilingoja siku 14, msasa namba 240, ndipo nyeusi: kimeshika. Ubao wa maonyesho umefuata cha tatu. Kipande cha kwanza tutakitundika pembeni yake, maana kinaeleza kuliko maneno.

Nyeusi ya dukani inang'aa, na dirisha la chumba linaelekea baharini. Mtazamaji anajiona yeye mwenyewe. Tumebadilisha na rangi ya ubao wa darasani, isiyong'aa kabisa. Mraba ni sentimita 42, ukingo mweupe 9 kila upande, umepakwa kwa mkono bila tepu. Pembe hazikutoka nyuzi 90 kamili, na hatukuzirekebisha. Za Malevich pia hazikuwa kamili.

Sasa maana. Malevich aliutundika mraba juu kwenye kona, chini ya dari, pale familia za Kiorthodoksi za Urusi huweka picha takatifu. Aliyeingia alijua kona ile ni ya nini. Ukiuondoa ukautundika katikati ya ukuta, umepoteza nusu ya picha. Lakini mraba mweusi haukuanza kwake. Mwaka 1617 tabibu Mwingereza Robert Fludd alichapisha kitabuni mraba mweusi kuonyesha giza lililokuwapo kabla ya uumbaji, na kwenye kila ubavu aliandika kwa Kilatini kwamba linaendelea hivyo bila mwisho. Mwaka 1882 Paris, Paul Bilhaud alionyesha picha nyeusi tupu kama kichekesho kuhusu watu weusi wanaopigana gizani, na mzaha huo ukarudiwa na Alphonse Allais katika albamu ya 1897. Mwaka huohuo wa 2015 Tretyakov ilitangaza kuonekana kwa maandishi hafifu ukingoni mwa turubai ya Malevich yanayofanana na mzaha ule. Aliyeyaandika bado anabishaniwa. Kulikuwa na maoni kwamba tusilete habari hiyo mbele ya watoto wa shule. Imebaki. Atakayeambiwa mraba huu ni usafi wa roho aambiwe pia kwamba kabla yake ulikuwa kejeli juu ya rangi ya ngozi yake.

Ubao ulitundikwa kwa majaribio kwenye ukuta wa kaskazini, juu. Mzee wa jirani alisimama mlangoni, akautazama kwa muda, akasema: "Wanangu, hii Al-Kaaba mbona haina mkanda?" Akajibiwa: "Si Al-Kaaba, babu, ni mraba tu." Naye: "Mraba tu, mmeuweka kibla?"

Hoja yake haina jibu. Kutoka Bagamoyo, kibla ni karibu kaskazini kamili, kimepindia mashariki kidogo mno. Umbo jeusi la pembe nne, juu, upande ule, katika mji ambao nyumba nyingi zina picha ya Makka sebuleni, lina maana moja tu, na kukosa mkanda wa dhahabu wa kiswa, kitambaa kinachoifunika Al-Kaaba, ni upungufu. Ubao umehamishiwa kona ya kusini-mashariki, umelazwa kukatiza kona kwa kulabu mbili na kamba, kimo cha mita 2.4. Umbo halikuja na maana yake mfukoni: limepewa na kona. Kipengele hiki kimekuwa uti wa mgongo wa maonyesho yote, na vibandiko vitatu vimeandikwa upya kwa sababu yake.

Wiki ya 6: mistari, na tepu inayovuja

Ubao wa sita ni mistari myeusi wima na mlalo, nyeupe nyingi, nyekundu moja ndogo.

Tepu ya karatasi kwenye hewa ya hapa ina hasara mbili. Ya kwanza, rangi hupenya chini yake na mstari unatoka meno kama msumeno. Dawa: baada ya kubandika, pitisha ukucha au kijiko ukingoni, kisha paka kwanza rangi ileile ya chini, yaani nyeupe, kwenye ukingo wa tepu. Nyeupe inaziba vipenyo. Nyeusi inayofuata haina pa kupita. Ya pili, ukiiacha ilale, asubuhi inatoka na andakoti. Ivute rangi ikiwa bado mbichi, ukiirudisha juu yake yenyewe, taratibu.

Piet Mondrian alitumia tepu za rangi alipofika New York mwaka 1940, akizihamisha kabla ya kuamua. Moja ya kazi hizo za tepu, New York City I ya mwaka 1941, haikumalizika. Mwaka 2022 msimamizi wa maonyesho Susanne Meyer-Büser alisema imetundikwa juu chini kwa miongo mingi. Haikugeuzwa, kwa kuwa tepu ni kuukuu na uzito ukihama zingeweza kubanduka. Wanaocheka kwamba hata wataalamu hawajui juu wala chini wamekosa jambo: mistari iliyosongamana upande mmoja ilisomwa kama ardhi, kumbe yawezekana ilikuwa anga. Picha isiyo na kitu bado ina juu.

Nyeupe si moja. Tumepaka mistatili nyeupe minne kwa rangi ya kopo lilelile, brashi ikienda wima kwa miwili na mlalo kwa miwili; mwanga wa pembeni unaitenganisha. Mondrian aliichezea nyeupe hivyo, na kwenye picha zilizochapishwa haionekani. Mistari ina upana wa milimita 8, 12 na 15. Ilipokuwa yote 12, ubao ulionekana kama wavu wa dirisha.

Kwa Mondrian wima na mlalo vilikuwa nguvu mbili zinazopingana na kusawazishana. Alijiunga na Jumuiya ya Theosofia, kundi la kutafuta hekima ya kiroho iliyo nyuma ya dini zote, mwaka 1909. Hilma af Klint wa Uswidi, aliyevutwa na mafunzo ya namna hiyo, alianza picha zisizo na kitu mwaka 1906, kabla yake na kabla ya Malevich, akafikisha kazi 193 za mfululizo mmoja kufikia 1915. Aliagiza zisionyeshwe hadi ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Alifariki 1944. Angestahili ubao wake, lakini kubwa zake zina kimo cha zaidi ya mita 3. Kuzibana kwenye sentimita 60 ni dhihaka. Amepewa kibandiko kirefu kuliko vyote.

Wiki ya 7: miraba ndani ya miraba

Kanuni ya Albers, aliyoifanyia kazi tangu 1950 hadi kifo chake 1976, ni nyepesi kupima. Gawa ubao sehemu 10. Kwetu kila sehemu ni sentimita 6. Miraba minne: 60, 48, 36, 24. Haikai katikati. Nafasi ya chini, ya ubavuni na ya juu zinafuatana kwa uwiano wa 1, 2, 3. Mraba wa 48 una chini 3, ubavuni 6, juu 9. Wa 36 una 6, 12, 18. Wa 24 una 9, 18, 27. Ukikosea ukaweka katikati, miraba inakuwa shabaha ya mishale.

Yeye alipaka kwa kisu moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, hakuchanganya, na aliandika nyuma ya ubao jina la kila rangi. Tumefanya hivyo kwa rangi nne za dukani: krimu, manjano ya binzari, ya udongo, kahawia. Alianza katikati kuelekea nje. Babake, aliyekuwa fundi rangi, ndiye aliyemfundisha kupaka mlango hivyo, ili matone yashikwe na mikono ya shati isichafuke. Kwa hiyo ubao wa saba umetundikwa mkabala na ule wa mlango, bila maelezo zaidi.

Kosa letu: krimu na manjano zilipishana milimita 2 kwenye mpaka, na mstari wa tatu, wa kijivu, ukajitokeza ambao hakuna aliyeupaka. Rangi ziguse, zisipandiane. Tumekwangua na kurudia upande mmoja.

Wiki ya 8: ukuta

Lipu imekauka. Chokaa iliyozimwa na kulowekwa imechekechwa, ikalegezwa iwe kama maziwa. Ukuta hunyunyiziwa maji kabla ya kila mkono. Mikono mitano myembamba, siku moja katikati. Mkono mnene hutoka unga ukiupangusa. Rangi ya unga isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo haishikiki.

Nyekundu na manjano ya oksaidi ya chuma zimevumilia. Buluu imetupa kazi. Buluu ya kufulia ya duka moja ilibaki. Ya duka jingine ilitoweka usiku mmoja, kwa kuwa ni dawa ya kutilia nguo rangi na chokaa huila. Jaribu kwanza kwenye bakuli la chokaa mbichi, ungoje siku tatu.

Mchoro ni ngazi ya ukili iliyokuzwa mara 20, mpaka umepigwa kwa uzi wa chaki na timazi. Wazo la kutoa maumbo nje ya chumba si jipya: mwaka 1969 mchoraji wa Moroko, Mohamed Melehi, na wenzake wa shule ya sanaa ya Casablanca walitundika kazi zao katika uwanja wa Jemaa el-Fna, Marrakech, na mwaka 1978 kuta za mji wa Asilah, nao wa pwani, zikaanza kuchorwa. Melehi alitumia rangi za magari kwenye mbao zake. Sisi hatukuthubutu juu ya chokaa. Ingekuwa saruji ileile kwa jina jingine.

Wiki ya 9: vibandiko

Ubishi umebaki kwenye neno. "Sanaa dhahania" inaeleweka kwa waliosoma sarufi, maana nomino dhahania ni upendo, uhuru, vitu visivyoshikika. Lakini mraba unashikika. Mchoraji Mholanzi Theo van Doesburg alisema hivyo mwaka 1930: hakuna kilicho halisi kuliko mstari, rangi na uso bapa. Kibandiko kikuu kimeandikwa "uchoraji wa maumbo", na "dhahania" imeachwa kwenye aya ya pili kwa wanaoitafuta.

Hali ya kazi leo: mbao sita ziko ukutani. Ubao wa saba unangoja upande uliorudiwa, siku 9 zaidi. Kamba ya mraba mweusi imelegea kidogo kwa unyevu na itabadilishwa kwa waya wa shaba. Uani, shura imeonekana pembe ya kushoto, sentimita 35 kutoka sakafuni. Tumeweka alama ya mkaa na tunaipiga brashi kavu kila Jumamosi. Haijaifikia nyekundu.